Kabla hujalipia nyumba, kagua umeme wake: hatua kwa hatua kwa sisi wa Uganda

Ndugu zangu, watu wakienda kuona nyumba ya kununua macho yote yako kwa tailizi, geti, silingi na kama gari inaweza kugeuka kwa kompaundi. Kwa umeme mtu anabonyeza swichi moja ya sebuleni, taa inawaka, anasema sawa twende kwa loya. Sasa taa kuwaka haikuambii kitu. Nyumba ambayo haina ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja) kabisa taa zake zinawaka vizuri, nyumba yenye umeme unaoibwa kabla ya mita taa zinawaka vizuri pia, mpaka siku mtoto anashika mlango wa friji na miguu ina maji.

Mi ni fundi wa umeme huku Jinja na mara nyingi naitwa na watu walioshanunua, pesa imeisha, muuzaji hashiki simu tena, ndo wananiuliza fundi hebu tuangalilie. Nataka mtu aniite mapema. Nguvu yako yote kama mnunuzi iko kabla ya kusaini, ju saa hiyo shida ya waya bado ni ya muuzaji na bei bado inaweza kushuka, ukishasaini shida ni yako na watoto wako.

Hatua nyingi hapa mtu yeyote anaziweza bila kufungua kitu. Usifungue boksi la breka na bisibisi kama wewe si fundi, hilo nakuomba kabisa. Beba testa, ile plagi ya kupimia soketi yenye taa tatu (maduka mengi ya umeme wanayo na si ghali), pakoleta ya kuchemshia maji, simu yenye tochi na kitu cha kuandikia. Na upange kwenda mara mbili, mchana na jioni kwenye saa mbili hivi, nitakwambia kwa nini.

Hatua ya 1: Zunguka nje kwanza

Fuata waya kwa macho kutoka kwa poli (nguzo ya umeme) mpaka kwa mita. Waya wa nyumba hii unatakiwa utoke kwa poli ya kampuni uje moja kwa moja. Ukiona unatoka kwa nyumba ya jirani, au umepita juu ya mti wa fene na vijiti, basi hiyo nyumba haina laini yake, imeazimwa, na siku jirani akikosana na wewe unakaa giza. Kuomba laini mpya ni gharama na ni muda, na hiyo gharama iingie kwa bei mnayoongea leo.

Inua macho zaidi. Kama kuna zile laini kubwa za minara ya chuma, kwa mfano za kilovolti 132 zinazotoka mabwawa ya huku Jinja kwenda Kampala, zina ukanda wake wa mita 30 kwa upana na huruhusiwi kujenga nyumba ndani yake. Kuna watu wanauziwa nyumba ndani ya ukanda kwa bei nzuri na wanafurahi. Usifurahi, pima. Hata laini ndogo za mtaani, angalia kama kuna waya unapita karibu na mabati au balkoni mahali ambapo mtu anayeanika nguo anaweza kuufikia.

Hatua ya 2: Mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla)

Mita si mali ya muuzaji, ni ya kampuni ya usambazaji. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 hiyo ni UEDCL, baada ya kampuni inayoitwa Umeme kumaliza mkataba wake wa miaka 20. Kwa hiyo mtu akikwambia nakuuzia na mita yangu, ujue unachopokea kwa kweli ni akaunti, na akaunti inaweza kuja na deni.

Andika namba ya mita. Nunua Yaka kidogo kwa simu yako mwenyewe, mtandao wowote wa mobile money, ukiwa umesimama hapo hapo. Angalia vitu vitatu. Jina linalotokea ni la nani, ju kama si la muuzaji wala la mke wake wala la marehemu baba yao unatakiwa kuuliza. Alafu soma meseji ya token vizuri, kama kuna deni utaona sehemu ya pesa imekatwa kabla ya yunit. Tatu ingiza zile tarakimu 20 uone kama mita inakubali. Hii ya tatu ni muhimu hasa kwa nyumba iliyokaa bila mtu, maana mita za prepaid za dunia nzima zilitakiwa kubadilishwa kodi kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na ile ambayo haikufanyiwa hivyo inakataa token mpya. Inatengenezeka, lakini muuzaji ndo aende ofisini kuhangaika, si wewe.

Kama nyuma kuna mizigo (vyumba vya kupangisha) ya wapangaji uliza kila mzigo unapata umeme wapi. Mara nyingi ni mita ndogo za landlodi zote zikitoka kwa mita moja kubwa, na hapo unanunua pia ugomvi wa nani alitumia yunit za nani.

Hatua ya 3: Kataa nyumba ya umeme wa wizi

Hapa usiharakishe hata kama broka anaangalia saa.

Mita ina kataa (yaani taa ndogo) kekundu kanakopepesa kulingana na umeme unaotumika. Kwanza zima meini swichi ya nyumba, sasa rudi uangalie kataa. Kanatakiwa kutulia kabisa. Kama bado kanapepesa, kuna mtu anakula umeme katikati ya mita na meini swichi, jirani au mzigo wa nyuma, na wewe ndo utakuwa unamlipia.

Pili, meini swichi ikiwa bado imezimwa pita vyumba vyote na pakoleta, jaribu soketi zote na taa zote, usisahau boys quarters na taa za nje za usalama. Kitu chochote kikiwaka hicho kinapata umeme kwa njia nyingine, na njia hiyo kawaida haipiti kwa mita.

Tatu, washa meini swichi, zima vingine vyote, washa pakoleta peke yake. Kwa uso wa mita kumeandikwa kataa kanapepesa mara ngapi kwa yunit moja, nyingi ni 1000. Pakoleta ya kilowati 2 inakula yunit 2 kwa saa, hiyo ni mara 2000 kwa saa, yaani kama mara 33 kwa dakika. Hesabu dakika nzima na simu. Ukipata 30 na kitu uko sawa. Ukipata 10 na maji yanachemka vizuri, kuna baipasi, yaani waya unaokwepa mita.

Hizo baipasi wanafunga wale wanaoitwa kamyufu, mafundi wa kichochoro wasio na kibali, mtu anaona anaokoa pesa ya Yaka. Sheria ya umeme ilirekebishwa mwaka 2022 na adhabu za wizi wa umeme zikaongezwa sana, na wakaguzi wakigonga geti watamkuta mwenye nyumba wa leo, wewe, na kujieleza kwamba ulinunua hivyo ni kazi ngumu. Tena baipasi yenyewe ni waya umesokotwa na tepu juu ya ukuta au ndani ya silingi, joto linakaa hapo hapo. Muuzaji asafishe hiyo kitu na kampuni kabla hujaweka hata shilingi. Kama hataki, mi ningeiacha hiyo nyumba, hata iwe nzuri vipi.

Hatua ya 4: Boksi la breka

Bila kufungua kifuniko cha ndani tazama tu. Je breka zimeandikwa ipi ni ya nini? Kuna alama ya kuungua, plastiki iliyoyeyuka, harufu kama ya samaki aliyeoza? Hiyo harufu ni plastiki inapikika, usiidharau. Kuna matundu wazi ambapo mjusi anaingia?

Soma namba. Taa kawaida ni waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampia 6 au 10. Soketi ni waya wa 2.5 na breka ya 20, au 32 kama waya umezunguka na kurudi kwa breka ile ile. Ukiona taa zina breka ya 32, kuna mtu alichoka na breka kuruka akaweka kubwa, na hapo breka hailindi waya tena. Waya utaungua kwanza breka ikiangalia.

Tafuta RCD (swichi inayokata umeme unapovuja), ile pana yenye kidude kimeandikwa TEST, na iandikwe miliampia 30. Bonyeza, izime papo hapo. Ikigoma kuzima imekufa. Kama haipo kabisa hesabu kwamba utainunua.

Hatua ya 5: Ethi, ethi, ethi

Ningepewa dakika kumi tu kwa nyumba ningetumia zote hapa. Nyumba nyingi nazoingia zina waya wa kijani na njano ndani ya soketi lakini ukiufuata hauendi popote. Nje, karibu na mita au kona ya nyumba, tafuta rodi ya shaba imezamishwa ardhini na waya umefungwa kwake na klempu. Vuta kidogo kwa mkono. Wezi wa chuma chakavu wanakata huo waya ju shaba ina bei, na mwenye nyumba hajui ju hakuna taa inayozimika, na mafundi wengine wanapigilia kipande cha nondo cha futi moja, wanapaka simenti juu, wanaondoka.

Nieleze kwa nini rodi peke yake pia haitoshi, maana watu wanabishana sana. Tuseme rodi yako ni nzuri, upinzani wake ni ohm 20. Waya wa laivu (wenye umeme) ukigusa bodi, yaani chuma cha nje, ya hita ya bafuni, volti 240 gawanya kwa 20 ni ampia 12. Breka ya hiyo hita ni ya 32, haitasikia kitu, itaendelea kukaa juu na ile hita itaendelea kuwa na umeme kwa bodi. RCD ndo itasikia, hiyo inaruka kwa miliampia 30, hata ampia moja nzima haifiki. Kwa hiyo unataka vyote viwili, rodi iliyo hai na RCD iliyo hai. Na kile kidude cha TEST hakipimi ethi, kinapima RCD yenyewe tu, nyumba isiyo na ethi ukibonyeza bado itaruka na mtu anadanganyika.

Sasa pita na ile plagi ya taa tatu kwa kila soketi, nasema kila, usichague. Itakuonesha kama ethi haipo au laivu na nyutro (waya wa kurudisha umeme) zimegeuzwa. Lakini ujue ujanja mmoja: kuna mafundi wanaunga nyutro na ethi ndani ya soketi na kawaya kadogo ili plagi ioneshe sawa. Hiyo ni hatari kuliko kukosa ethi, maana siku nyutro inakatika huko kwa poli, bodi ya friji, pasi na mashine ya kufua vyote vinakuwa laivu kwa mara moja. Kukagua hilo lazima fundi afungue soketi mbili tatu, na mi huwa nachagua za jikoni.

Alafu ongea na watu wanaoishi mle. Mpangaji, dada wa kazi, askari wa geti. Waulize kwa upole, "Dada, samahani, hii nyumba inatekenya wapi?" Watakwambia bila kuficha, bomba la bafuni linatekenya, mabati yanapiga shoti mvua ikinyesha, soketi ya pale haishikwi. Mabati kupiga maana yake kuna waya umechubuka juu ya silingi na unagusa bati au mbao zenye unyevu. Nyumba ya hivyo usilale ndani hata usiku mmoja kabla haijatengenezwa.

Hatua ya 6: Waya wenyewe na umri wake

Huku kwetu Jinja kuna nyumba za zamani, zile za enzi bwawa la Owen Falls linafunguliwa 1954, na waya za miaka hiyo zilikuwa na mpira. Mpira unakauka, ukigusa unavunjika kama gamba. Nyumba kama hiyo usiulize kama inahitaji waya mpya, uliza bei ya kuweka mpya, na soketi za matundu ya mviringo zikikuonesha uso wake ujue umefika mahali penyewe.

Rangi za waya zisikudanganye. Mfumo wa zamani wa Kiingereza laivu ilikuwa nyekundu, nyutro nyeusi. Mpya laivu ni kahawia na nyutro ni bluu. Tatizo ni kwamba kwa fezi tatu za zamani bluu ilikuwa laivu. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara kwa mara ina zote zimechanganyika, na fundi anayeamini rangi badala ya testa anaweza asirudi nyumbani.

Kwa nyumba mpya shida ni nyingine, waya feki. Ndani ni alumini imepakwa rangi ya shaba. Fundi akwangue ncha kwa kisu, ukiona nyeupe chini imekwisha jibu. Waya wa kweli uwe na maandishi ya saizi yanayosomeka na alama ya UNBS (shirika la viwango la Uganda), na muuzaji akiwa bado na risiti za duka ni dalili nzuri sana.

Hatua ya 7: Mpe mzigo, ukiwa jioni

Hii ndo sababu ya kurudi saa mbili usiku, wakati kila mtu kwa mtaa anapika na kupiga pasi. Washa hita ya bafuni, pakoleta, pasi na taa zote pamoja, acha nusu saa. Taa zikififia sana kila kitu kinapowaka, kuna muungano mbovu au waya mwembamba au laini ya mtaa imechoka. Fundi apime volti, inatakiwa kuwa kama 240, na ikiwa inakaa chini ya 220 usiku fikiria friji yako na pampu. Zima, sasa pitisha mkono karibu na soketi, swichi na plagi. Uvuguvugu kidogo kwa plagi ya pasi si ajabu. Moto wa kukufanya utoe mkono, hapana.

Hita ya bafuni ya papo kwa papo ni mada yake. Ya wati 5400 inavuta kama ampia 22 kwa volti 240, inataka waya wake peke yake wa milimita za mraba 4 au 6 kutoka kwa boksi, breka yake, ethi na RCD. Ukikuta imeungwa kutoka soketi ya chumbani, izimwe hapo hapo na isiguswe.

Kama kuna jenereta au sola, uliza swichi ya kubadilishia iko wapi. Jenereta inayoingizwa kwa soketi na waya wenye plagi ya meno pande zote mbili inaua, inamuua mwenye nyumba akiichomoa na inaweza kumuua fundi wa kampuni aliye juu ya poli akijua laini imezimwa. Kuhusu betri na paneli andikeni kabisa kama zinabaki au zinaondoka, ju wauzaji wanazibeba.

Hatua ya 8: Leta fundi mwenye kibali

Afrika Kusini nyumba haihamishwi bila cheti cha umeme kisichozidi miaka 2. Ufaransa mfumo ukiwa na zaidi ya miaka 15 muuzaji lazima alete ripoti. Huku kwetu usikae kungoja mtu akuletee karatasi, itafute mwenyewe. Fundi awe na kibali cha ERA (mamlaka ya kusimamia umeme Uganda), mwambie akuoneshe, soma jina na tarehe ya mwisho, na awe wako, si aliyeletwa na broka.

Asiandike tu "umeme uko sawa". Namba ziwe kwenye karatasi: upinzani wa rodi ya ethi kwa ohm (kanuni za Kiingereza ambazo wengi tunafuata zinasema ikizidi 200 haiaminiki, mi sipumziki mpaka ishuke mbali chini ya hapo), RCD inaruka kwa milisekunde ngapi, ikiwa 30 miliampia isizidi 300, na upinzani wa insulesheni (gamba la waya) kwa mega, kifaa cha kuipimia, ya volti 500, kila laini isipungue megaohm 1. Alafu orodha ya ubovu na makisio ya kutengeneza.

Hatua ya 9: Weka kwa agrimenti

Hiyo orodha ndo unaenda nayo kwa muuzaji. Ama atengeneze na fundi wako arudi kupima, ama bei ishuke, ama sehemu ya pesa ibaki kwa loya mpaka kazi iishe. Mi napenda ya kwanza kwa vitu vya kuua kama ethi na baipasi, na punguzo kwa vitu vya kawaida kama swichi zilizovunjika. Agrimenti iseme namba ya mita, kwamba madeni yote mpaka siku ya kukabidhiana ni ya muuzaji, na vitu gani vinabaki. Mweleze pia chairman wa LC1 (mwenyekiti wa kijiji) akiwa shahidi, anajua historia ya hiyo nyumba kuliko karatasi.

Na wewe unayeuza

Mzee wangu, mama yangu, usione kama haya yote ni ya kukusumbua. Ita fundi kabla hujaweka kibao, rodi ya ethi na RCD ni pesa ndogo ukilinganisha na mnunuzi atakayekimbia au atakayekata mamilioni kwa sababu fundi wake alitikisa kichwa. Andika majina kwa breka, lipa deni la mita, tunza cheti cha fundi aliyefunga waya mara ya kwanza. Shida unayoijua iseme, mnunuzi anayeishi na watoto anastahili kujua soketi ipi inapiga.

Siku ya kukabidhiwa funguo simameni wawili mbele ya mita mpige picha, namba na yunit zilizobaki zionekane. Alafu wiki hiyo hiyo chukua agrimenti, kitambulisho cha taifa na namba ya mita uende ofisi ya UEDCL iliyo karibu ukaanze kubadilisha jina la akaunti.